Mashine ya kukata stairofomu kwa waya wa moto: usikimbilie pawasaplai kubwa

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Nzuguni hapa Dodoma, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nimeunda mwenyewe mashine ya kukata stairofomu kwa waya wa moto inayoendeshwa na kompyuta, nakata urembo wa madirisha na konishi za dari. Ina minara miwili, stepa mota nne za NEMA 17, skruu za T8, Arduino Uno (bodi ndogo ya kuongoza mota) yenye GRBL (programu inayotafsiri amri za kompyuta), waya wa nikromu (aina ya waya wa kupashia moto) wa milimita 0.4 urefu mita moja umefungwa kwa bolti pande zote mbili, na pawasaplai ya volti 12 ampia 30. Nikipeleka polepole kona zinayeyuka na mkato unakuwa mpana, nikipeleka haraka waya unavuta tumbo katikati ya bloku na mwisho unakatika. Alafu kwenye uso wa kipande kuna mawimbi yanajirudia kila kama sentimita moja kasoro. Fundi kaniambia moto hautoshi ninunue pawasaplai ya ampia 50. Ninunue?"

Marahaba mdogo wangu, mbukwa. Usinunue. Nimefurahi umeniandikia na vipimo kabisa maana wengi wananiambia tu "mashine haikati vizuri" na hapo sina pa kuanzia. Kwako wewe fundi kapatia nusu, ni kweli moto hautoshi, ila dawa aliyokupa sio yenyewe, na hata moto ukitosha bado kuna vitu viwili vitaendelea kukusumbua mpaka uvirekebishe kwenye mashine yenyewe.

Tuanze na hizo ampia. Ampia zilizoandikwa kwenye pawasaplai ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, haizisukumi kwenye waya kwa lazima, waya ndio unachukua kiasi unachotaka kulingana na ukinzani wake. Nikromu ya milimita 0.4 ina karibu omu 8.75 kwa kila mita. Ukiipa volti 12 inapita 12 gawanya kwa 8.75, yaani kama ampia 1.4 basi, ambayo ni wati 16 hivi. Sasa wewe una ya ampia 30 na unatumia 1.4, ukileta ya 50 waya utachukua ileile 1.4 na hela imeenda. Kinachokosekana ni volti. Kwa waya wa unene huo mi napenda wati 30 hivi kwa mita, inaweza kupanda mpaka 35 ukikata bloku nene. Ukiweka volti 24 moja kwa moja unapata ampia 2.7 na wati kama 66, hapo ni moto mkali mno, kwahiyo unaupunguza kwa kuwasha na kuzima haraka haraka kupitia mosfeti (swichi ya elektroniki), ukianzia asilimia 45 hivi. Kwa hiyo unachohitaji ni pawasaplai ndogo tu ya volti 24 ampia 5, tena bei yake ni nafuu kuliko hiyo uliyoambiwa. Ile ya volti 12 uliyonayo iache iendeshe mota peke yake, usichanganye umeme wa waya na wa mota maana ule wa waya una kelele (umeme unaorukaruka) na Arduino ikipata kelele inajirizeti katikati ya kazi.

Kuna njia nyingine ya kubaki na volti 12, unabadilisha waya unaweka wa milimita 0.5 ambao una omu 5.6 hivi kwa mita, unapata ampia 2.1 na wati 26 kama. Inakata, ila huna akiba, bloku ikiwa nzito kidogo unarudi kulekule.

Na naomba hapa nisisitize kwa sababu nimeshaona watu wanafanya: usije ukachukua rigeleta ya feni au dima ya taa ukaunganisha waya wa nikromu moja kwa moja na umeme wa TANESCO eti unapunguza na kuongeza moto. Huo waya uko uchi, mita nzima, na mkono wako uko pale pale unapanga bloku. Ukitaka umeme wa njia hiyo lazima kuwe na transfoma katikati inayotenganisha. Pawasaplai ya volti 24 ndio salama, alafu fremu ya chuma yote ifungwe waya wa ethi.

Sasa twende kwenye waya wenyewe kulegea, na hapa ndipo kazi yako ilipo kwa sababu hata ungekuwa na umeme mzuri kiasi gani waya uliofungwa bolti pande zote mbili hauwezi kukata vizuri. Nikromu ikipata moto inarefuka. Waya wa mita moja ukipanda nyuzi 300 hivi unarefuka kama milimita 4. Unaweza kusema milimita 4 ni nini, lakini waya uliobanwa pande zote ukirefuka milimita 4 katikati unaweza kutoka nje ya mstari kwa karibu sentimita 4, piga hesabu mwenyewe utaona. Yaani ulipoukaza ukiwa wa baridi ulikuwa umenyooka, ukiwasha tu unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ndio hilo tumbo unaloliona, mnara umeshafika kwenye kona na katikati ya waya bado iko nyuma, kwahiyo konishi inatoka sahihi kwenye ncha mbili na mbovu katikati. Na ukiukaza zaidi ukiwa wa baridi ili usilegee unakatika ukizima mashine, kwa sababu unafupika wakati wa kupoa na hauna pa kwenda.

Dawa ni springi upande mmoja. Upande wa kushoto funga waya kwenye bolti kama ulivyofanya, upande wa kulia pitisha kwenye puli ndogo yenye beringi alafu ufunge kwenye springi ndefu laini ya kuvuta. Ndefu na laini ndio neno, springi fupi ngumu ikiachia milimita 4 nguvu yote imeisha. Nguvu ya kuvuta kwa waya wa 0.4 iwe kilo moja mpaka kilo moja na nusu, unaweza kupima kwa mzani wa ndoano ule wa sokoni. Ukitaka kujua haraka kama tatizo ni hilo kabla hujatafuta springi, funga kamba mwisho wa waya, ipitishe juu ya puli uning'inize chupa ya maji ya lita moja, hiyo ni kilo moja na inavuta sawasawa muda wote hata waya urefuke kiasi gani. Kata kipande uone tofauti. Kwa kazi ya kila siku sipendi chupa kwa sababu mnara ukitembea chupa inayumba na kuyumba kwake kunatokea kwenye mkato, ila kwa kujaribu hakuna kitu rahisi kama hicho.

Kitu kimoja kwenye springi ambacho watu wanakosea. Usipitishe umeme kwenye springi. Springi ikipata moto inapoteza nguvu ya kuvuta na baada ya muda inakuwa waya tu uliojikunja. Puli iwe ya plastiki ngumu isiyoyeyuka kirahisi au uitenge na fremu, na umeme ulete kwa kebo laini yenye nyuzi nyingi unayoibana kwenye nikromu yenyewe kabla haijafika kwenye puli, ili kipande kinachopata moto kiwe kati ya hizo klipu mbili tu. Usijaribu kuchomelea nikromu kwa risasi ya kawaida, haishiki, na hata ikishika itayeyuka. Bana kwa terminali ya skrubu ya shaba.

Haya, kwenye mosfeti. Chukua IRLZ44N, usichukue IRF540 ingawa ndio utapewa haraka madukani, kwa sababu IRF540 inataka volti 10 hivi kwenye geti (mguu wake wa kupokea amri) ndio ifunguke vizuri na Arduino inatoa 5 tu, matokeo yake inafunguka nusu na inapata moto yenyewe badala ya waya. Weka rezista ya omu 150 hivi kati ya Arduino na geti, na nyingine ya kiloomu 10 kutoka kwenye geti kwenda graundi. Hiyo ya kiloomu 10 usiiache hata siku moja. Umeme ukikatika ukarudi, na unajua hapa kwetu unavyoweza kurudi wewe ukiwa nje unaongea na mteja, Arduino inapowaka pini zake zinakuwa hazijui ziko wapi kwa muda kidogo na bila hiyo rezista waya unaweza kuwaka wenyewe umegusa bloku. Ikiwepo, waya unabaki baridi mpaka kompyuta itume M3, yaani amri ya kuwasha. Kwenye GRBL 1.1 pini ya kutolea hiyo amri ni D11, na kwenye shildi nyingi za V3 (bodi inayochomekwa juu ya Arduino) hiyo pini imeandikwa kama swichi ya mwisho ya Z, usishangae, andiko la kwenye shildi ni la toleo la zamani. Kwenye mipangilio ya GRBL ukiweka $30=1000 basi M3 S450 inamaanisha asilimia 45.

Mawimbi. Umesema kila sentimita moja kasoro, hebu chukua vernia upime vizuri mawimbi kumi kwa pamoja ugawanye kwa kumi. Nakubashiria utapata milimita 8. Skruu ya T8 ya kawaida inayouzwa ina njia nne, ikizunguka mara moja nati inasogea milimita 8, kwahiyo kitu chochote kinachojirudia kila milimita 8 kinatoka kwenye skruu. Ama imepinda, ama kapla inayoiunganisha na mota haiko katikati. Ila sikiliza, hata skruu mpya ya dukani huwa imepinda kidogo, sio kosa lake, kosa ni la jinsi tunavyoifunga. Kazi ya skruu ni kusukuma tu, kunyoosha ni kazi ya rodi na beringi. Wewe ukishafunga skruu kwa kukaza juu na chini na nati ukaikaza kabisa kwenye kigari (kile kinachobeba waya), skruu inapozunguka inavuta kigari pembeni kila mzunguko. Legeza skrubu za nati zibaki na nafasi ya nywele, nati iweze kuhama kushoto kulia ila isicheze juu chini. Mwisho wa pili wa skruu uachie huru usiuwekee beringi, kwa urefu wa mnara wako hauna shida. Kapla tumia ile ya alumini yenye mkato wa kuzunguka inayokunjika, ile ngumu moja kwa moja ndio inaleta shida kama mota haijakaa sawa. Kama ukipima ukapata namba nyingine tofauti kabisa na 8, mfano mawimbi hayana mpangilio, basi hapo tunaongea habari ya upepo au rodi kulegea.

Wakati uko hapo hakikisha hatua kwa milimita zimekaa sawa, NEMA 17 ina hatua 200 kwa mzunguko, zidisha kwa maikrostepu 16 (kila hatua inagawanywa mara 16), gawanya kwa 8 unapata 400, hiyo ndio iwe kwenye $100 na $101. Na draiva (vibodi vinavyopeleka umeme kwenye mota) za minara yote miwili zipe ampia zinazolingana, kama ni A4988 yenye rezista za omu 0.1 pima volti 0.8 kwenye kile kiskrubu kwa ampia moja. Mnara mmoja ukipata kidogo unapoteza hatua na waya unaanza kwenda mshazari bila wewe kujua. Usichomoe mota umeme ukiwepo, draiva inaweza kufa papo hapo.

Kona sasa. Kona zinayeyuka kwa sababu mashine inasimama pale, hata kama wewe huoni. Kila mstari unapogeuka kwa ghafla GRBL inapunguza mwendo karibu na sifuri alafu inapandisha tena, na kasi ya kupandisha ile inayokuja nayo ni 10 tu kwenye $120 na $121. Kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika, ambao ni 5 kwa sekunde, inatumia nusu sekunde kupunguza na nusu sekunde kupandisha, sekunde nzima waya uko ndani ya milimita moja na kidogo ya kona unachoma tu. Weka 100. Muda unashuka mpaka sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo na mota za NEMA 17 zinaweza bila wasiwasi kwa kigari chepesi. Kuna watakaokushauri uwashe mfumo wa leza ili moto upungue wenyewe mashine ikipunguza mwendo, kwa leza ni kitu kizuri sana lakini waya wa 0.4 unachukua sekunde kadhaa kupoa, amri ikifika kona imeshapita. Mi kwa kona kali za nje nachora tofauti: mstari upitilize kona milimita 5 uingie upande wa takataka, uzunguke kwa kiduara kidogo, alafu uingie kwenye upande wa pili. Waya hausimami kabisa na kona inatoka ikiwa kali unaweza kuisikia kwa kidole. Kwa kona za ndani huwezi kufanya hivyo maana utaingia kwenye kazi, hizo ongeza tu kasi ya kupandisha na uridhike na kiduara cha milimita moja, plasta itakifunika.

Baada ya hapo ndio unatafuta moto, na usitafute moto na mwendo kwa pamoja utazunguka mpaka usiku. Funga mwendo kwenye 300, anza na S450, kata kipande cha bloku ileile unayouza, sio kipande cha boksi la TV, kwa sababu bloku ya kilo 15 kwa mita ya ujazo na ile ya kilo 25 hazikatiki sawa. Alafu soma uso wa mkato. Ukiwa unang'aa kama kioo na una vishimo, moto umezidi, shusha S kwa 30. Ukiona punje zimeng'oka na waya unainama, moto mdogo, pandisha. Ukiwa sawa uso unakuwa laini usiong'aa, na ukitenganisha vipande viwili unaona vinyuzi vyembamba sana vyeupe vinavutika katikati yao kama milimita chache vinakatika. Ukiviona hivyo vinyuzi acha hapohapo usiguse kitu. Na kamwe usiufikishe waya kwenye wekundu, stairofomu inalainika kwenye nyuzi 100 tu hivi, waya mwekundu uko zaidi ya 500, unachofanya hapo ni kuchoma na kutengeneza moshi.

Ukishapata S yako ndio unapima njia ya waya. Kata mistari miwili sambamba iliyoachana milimita 50 kwenye mchoro, toa kile kipande cha katikati upime. Mfano kikiwa 48.4, waya unakula 1.6, kwahiyo kwenye programu sogeza mstari nje 0.8 kila upande. Ukibadilisha mwendo au moto au aina ya bloku hicho kipimo kimekufa, pima upya. Ndio maana nilikwambia usiguse.

Mashine yako kwa jinsi ilivyo minara yote inafuata amri ileile, kwa konishi na fremu za madirisha inatosha kabisa. Siku ukitaka kukata kitu kinachochongoka, upande mmoja mpana mwingine mwembamba, Uno haitaweza, utahitaji Mega 2560 (Arduino kubwa zaidi) na RAMPS 1.4 (bodi yake ya kubeba draiva) na GRBL ya mihimili minne, na hapo springi ndefu itakuwa lazima zaidi kwa sababu minara ikiachana kwa sentimita 20 kwenye waya wa mita moja waya unataka sentimita 2 za ziada.

Mwisho upepo, maana uko Nzuguni na sio Dar. Kuanzia mwezi wa sita kwenda wa tisa upepo wa Dodoma ukiingia mlangoni unapoza waya upande mmoja tu, mkato unakuwa mwembamba upande wa mlango na mpana upande wa ukuta, na watu wanahangaika na programu wiki nzima. Weka plaiwudi au turubai likinge meza upande upepo unapotokea, lakini usifunge chumba. Moshi wa stairofomu una stairini, unauma macho na kichwa, weka feni ya kunyonya nyuma ya meza mita moja na nusu hivi itoe hewa nje taratibu bila kupulizia waya. Na ile vumbi nyekundu yetu inaingia kwenye skruu ikichanganyika na grisi inakuwa msasa, futa skruu kwa kitambaa kila asubuhi upake oili nyepesi kidogo tu.

Mteja akikuletea sponji ya godoro au karatasi za PVC akakuomba umkatie kwa waya, mkatalie hata akiongeza hela. Sponji ikiungua inatoa sumu ya sayanaidi na PVC inatoa gesi ya asidi, hizo hukatwa kwa kisu. Ndoo ya mchanga iwe karibu na usiiache mashine inakata peke yake wewe ukiwa sokoni, stairofomu ikishika moto haikupi nafasi ya kurudi.

Anza na chupa ya maji leo hiihii na volti 12 yako uliyonayo, weka mwendo 120 tu kwa sasa. Alafu niandikie vitu vitatu: umbali wa mawimbi kumi, upana wa kile kipande cha 50, na kama tumbo limepungua. Hiyo ya 24 agiza Kariakoo ikishathibitika kwamba waya umekaa.